Binti Yako Akitaka Kutibu kwa Rangi na Ngoma, Usikimbilie Kukemea



Somo letu leo ni 1 Samweli 16:14-23. Lisome kwanza, kisha urudi hapa.

Wiki jana baba mmoja alikuja kuniona na bintiye. (Wameniruhusu niandike haya bila majina.) Msichana amefanya vizuri KCSE, na babake ameweka akiba ya karo ya uuguzi. Lakini binti anataka kusomea tiba kwa njia ya sanaa, yaani kuwasaidia watu waliojeruhiwa moyoni kwa kuchora, muziki, maigizo na densi. Baba akaniambia, "Pasta, muombee huyu. Nimefanya vibarua miaka yote hii ili mtoto wangu akacheze na rangi?"

Sikuharakisha kuomba. Nilikumbuka kosa langu mwenyewe.

Miaka iliyopita mvulana mmoja wa shule ya Jumapili alifiwa na mamake. Hakuzungumza na mtu. Ila kila Jumapili alichora nyumba isiyo na mlango. Mimi nikamwambia aache hiyo nyumba, achore safina ya Nuhu kama wenzake. Akaacha kuchora. Baadaye akaacha na kuja kanisani. Nilikuwa nimehitimu chuo cha Biblia, na bado sikutambua kwamba yule mtoto alikuwa ananizungumzia.

Sasa mtazame Sauli. Watumishi wake walipomwona anateseka hawakumhubiria. Walishauri atafutwe mtu anayejua kupiga kinubi. Daudi alipopiga, mfalme akapata nafuu. Najua kuna atakayeniambia, "Pasta, ile ilikuwa roho mbaya, si ugonjwa." Sawa. Mimi naamini maombi, na kukemea naamini. Lakini katika habari hii nafuu ilikuja kupitia nyuzi na vidole vya kijana mchunga kondoo. Tena hakutafutwa mtu yeyote tu. Alitafutwa anayejua.

Hapo kwenye kujua ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kazi hii si mchezo wala si ya jana. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill aliugua kifua kikuu, akajifariji kwa kuchora akiwa amelazwa, na mwaka 1942 akaipa tiba ya uchoraji jina lake. Huko Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanamuziki waliwapigia majeruhi muziki hospitalini, ikaonekana kwamba moyo mwema hautoshi. Mwaka 1944 chuo cha Michigan State kikaanza kufundisha tiba ya muziki kwa shahada. Leo Uingereza huwezi kujiita mtaalamu wa tiba hii bila kusajiliwa. Hapa Afrika, wenzetu wa Afrika Kusini wanasajiliwa na baraza la taaluma za afya, na Chuo Kikuu cha Pretoria kinafundisha tiba ya muziki katika ngazi ya uzamili.

Kwa nini masomo yote hayo? Kwa sababu wimbo mmoja unaweza kufungua kidonda ambacho wewe huwezi kukifunga. Mtaalamu hatoi alama kwa mchoro. Hamwambii mtoto, "Nyekundu ni damu." Anangoja, anauliza, anatunza siri, na yeye mwenyewe ana msimamizi wa kumwongoza. Soma mbele, sura ya 18. Daudi yuleyule akiwa anapiga kinubi, Sauli alimrushia mkuki! Mwenye maumivu anaweza kumuumiza anayemhudumia. Anayeingia kazi hii lazima afundishwe kukwepa.

Kwa hivyo, binti yangu, upako hauchukui nafasi ya masomo. Sitakudanganya: hapa Kenya kazi zenye jina hilo ni chache. Anza na shahada ya saikolojia au ushauri nasaha. Tangu mwaka 2014 tuna sheria inayosimamia washauri na wanasaikolojia, kwa hivyo fuata njia halali. Kisha lenga uzamili wa tiba ya sanaa. Pesa zikikatika njiani, utakuwa na shahada ya kukulisha. Na usiache kuchora.

Nawe baba, ulitaka mtoto wako awe muuguzi. Hata yeye anataka kuuguza. Tofauti ni kwamba kidonda anachokifuata hakionekani kwa macho, na bandeji haikifikii.

Na sisi kanisa tujiulize. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku 7 bila neno, na hapo walifanya vyema. Waliharibu walipofungua midomo. Tuna ngoma, kinanda na kwaya, lakini aliyefiwa tunampa mistari mitatu na kumwambia ajikaze. Mungu akituinulia kijana anayetaka kujifunza kukaa na wenye huzuni, je, tumkemee?

Yule baba hajakubali bado. Ameomba mwezi mmoja afikirie. Nimemheshimu kwa hilo, na tunaendelea kuomba pamoja.

Na wewe uliyechora nyumba isiyo na mlango, sijakuona tena. Kama unasoma haya, nisamehe. Ukitaka kunionyesha mlango ulikuwa wapi, nitanyamaza nitazame.

Tuombe: Bwana, utupe masikio ya kusikia hata kisichosemwa. Uwaongoze vijana wetu, na uwape wazazi wao subira. Katika jina la Yesu, amina.

Mtumie mzazi mmoja ujumbe huu. Ubarikiwe.