Kuongeza Oili Si Kutengeneza Gari

Kwa miezi 8 nilikuwa na kazi moja nyumbani. Kila wiki mbili nafungua boneti ya gari ya mathe, namimina chupa ya oili ya stearingi, nafunga, naenda zangu. Nilijiona fundi. Kumbe nilikuwa nasaidia shida ikae.

Gari yenyewe ni Toyota Corolla 110, zile za zamani ambazo hazikosi kwa mtaa wowote Nairobi. Mathe huenda nayo Marikiti alfajiri kuchukua mboga za kibanda. Siku moja akirudi, usukani ukawa mzito ghafla kwenye kona. Oili ikiisha gari bado hukata kona, lakini sasa ni nguvu ya mikono yako tu. Alikosa boda kidogo sana. Alipofika nyumbani hakunigombeza. Alikaa tu ndani ya gari, mikono bado kwa usukani, akaniuliza, "Si uliniambia umeitengeneza?"

Wueh. Sikuwa na jibu.

Tukaipeleka gereji. Fundi alichungulia kama sekunde 10 akasema, "Mama, raki imekwisha. Tafuta 35,000, pesa ya kazi tutaongea." Hakupangusa kitu. Hakuwasha hata injini. Mathe hakuwa na hiyo doo, tukarudi na gari polepole. Ni hiyo aibu ilinifanya niseme, kabla tukope, wacha nione kwa macho yangu ni wapi inavuja.

Na hayo ndiyo maoni yangu leo: usilipe, usibadilishe na usiongeze kitu kabla hujaona inapovuja. Mimi kumimina oili bila kuangalia na yule fundi kutaja raki bila kuangalia, hatukuwa na tofauti. Wote tulikuwa tunabahatisha na pesa ya mathe.

Kuona si ngumu. Kwanza jua kama gari yako ina hii oili. Magari mengi ya siku hizi yana stearingi ya umeme, hayana oili kabisa. Zenye oili zina kitanki kidogo, pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, paipu moja ya presha kubwa inayoenda kwa raki, na paipu nyingine ya mpira inayorudisha oili kwa kitanki. Oili haipotei hewani. Kitanki kikipungua, kuna mahali inatoka.

Niliweka katoni safi chini ya gari usiku. Asubuhi nikapata doa jekundu, linateleza. Chunga hapa, kwa sababu maji ya rejeta ya Toyota pia yanaweza kuwa mekundu, lakini hayo ni mepesi na hayatelezi kama oili. Halafu injini ikiwa imepoa nikapangusa paipu zote na vitambaa mpaka zikakauka. Mathe akawasha gari, akazungusha usukani kushoto na kulia, mimi nikimulika na tochi ya simu, mikono mbali na mkanda na feni. Haikuchukua dakika tano. Tone la kwanza likatokea kwenye ile paipu ya kurudisha, pale inapoingia kwa kitanki. Mpira ulikuwa umepasuka mwishoni na klipu imelegea. Raki ilikuwa kavu kabisa.

Sitajifanya nilipatia mara moja. Mara ya kwanza nilikaza klipu tu. Siku mbili baadaye, doa likarudi, kwa sababu mpira uliopasuka haukazwi ukapona. Nikaenda Kirinyaga Road, nikanunua paipu mpya ya kustahimili oili ya moto, si ile ya maji ya bustani, pamoja na klipu mbili. Jumla 700. Oili ya zamani nikaikinga kwa beseni na kuitia kwa mtungi, sikuimwaga kwa mtaro. Oili mpya nikaweka ile iliyoandikwa kwa kifuniko. Usiweke yoyote tu, kuna magari kama Honda ambayo yana oili yake na ukikosea unaharibu sili.

Kutoa hewa, niliinua magurudumu ya mbele, gari ikiwa imekaa kwa stendi, maana jeki peke yake huteleza. Injini ikiwa imezimwa, nikazungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho kama mara 20, nikiongeza oili kila ikishuka. Ndipo nikawasha. Ule mlio wa pampu kama mbu mkubwa ukaisha.

Sasa piga hesabu. Chupa moja ilikuwa 450. Wiki mbili mbili kwa miezi 8 ni chupa kama 16, yaani 7,200. Nilitumia 7,200 kukwepa kazi ya 700. Na zile dawa za chupa za kuziba uvujaji? Zinaweza kulainisha sili iliyokauka, lakini paipu iliyopasuka hazishoni.

Najua kuna wasee watasema nawanyima mafundi chakula. La. Kuna kazi siwezi kugusa nyumbani. Ile paipu ya presha inaweza kubeba presha mara 30 ya tairi lako, hiyo si ya kufunga na raba na kuomba Mungu. Ukiona oili inatoka hapo, kwa pampu, ama ndani ya mipira ya raki, nenda kwa fundi. Na kama inadondokea ekzosi, usiendeshe, inaweza kushika moto. Mimi sisemi usiende kwa fundi. Nasema usiende ukiwa kipofu. Fundi mzuri hakasiriki ukimwambia, "Nimepangusa, nimewasha, inatoka hapa." Anafurahi, umempunguzia kazi. Anayekasirika, umemjua mapema.

Sisi vijana tunapenda kusema magari ni mambo ya wazee na mafundi. Lakini mathe hakuwa anahitaji mtu amesomea injini. Alihitaji mtu wa kupiga magoti na kuangalia, na huyo mtu alikuwa ndani ya nyumba miezi 8 yote, ameshika chupa.

Kwa hivyo usiku wa leo weka katoni chini ya hiyo gari ya kwenu. Asubuhi niambie umepata nini.