Kompyuta Kongwe Nayo Ipewe Kumbukumbu Mpya

Wapo waungwana wasemao kwamba kitu cha kale kikiguswa huharibika. Mimi siafikiani nao, na sababu yangu nimeipata huku bara, baina ya Kitale na Bungoma.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kitale anayo kompyuta ya nyumbani ya Sinclair, aina ya Spectrum, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1982. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 ilikuwa pauni 125, na yenye 48 pauni 175. Yake ni ya 48, lakini siku hizi huamka na 16 tu. Zile 32 za juu zimekufa. Anazo kaseti za mazoezi ya Kiswahili aliyowatungia wanafunzi wake miaka ya themanini. Haziingii katika 16. Na kaseti, kama tujuavyo tuliohifadhi taarabu kwa njia hiyo, haingoji mtu.

Fundi wa redio mjini Bungoma yu tayari kuyeyusha lehemu, azitoe chipu nane zilizokufa na kutia nyingine. Kijana mmoja, mnunuzi wa vitu vya kale, amemkataza mzee: ati mashine itapoteza asili yake, na bei pia.

Asili ipi? Chipu hizo za juu zilikuwa za kilobiti 64 kila moja, nusu yake mbovu; Sinclair alizinunua rahisi, akaitumia nusu nzima. (Ubahili wenye akili, huo.) Isitoshe, kumbukumbu hiyo haitunzi neno: umeme ukikatika, yote hufutika. Maandishi ya mtengenezaji yamo katika chipu nyingine, isiyofutika. Hiyo isiguswe kamwe.

Sisi watu wa pwani jambo hili si geni kwetu. Msahafu wa babu ukichakaa hujalidiwa upya, wala hapana athubutuye kugusa herufi. Hasha, silinganishi Kitabu na mashine. Nasema juu ya jalada. Jahazi nalo hubadilishwa ubao, likatiwa kalafati, na jina likabaki lile lile.

Kitale ina makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974, ambayo chanzo chake ni mkusanyiko wa Kanali Stoneham, aliyefariki mwaka 1966. Mna ndege waliokaushwa, na hapana anayetaraji waimbe. Lakini kompyuta isiyoweza kusoma kaseti ya bwana wake ni sanduku tu.

Kwa fundi ninalo sharti. Chipu atakazozitoa asizitupe. Azitie bahashani, aandike tarehe, amkabidhi mwalimu. Na apime umeme kwanza. Zile 16 za chini hutaka volti za namna tatu: 5, 12 na hasi 5, hiyo ya hasi ikikosekana, nazo huungua. Kisha kaseti zisomwe, moja moja, maadamu aliyezitunga yuko hai wa kutueleza yaliyomo.