Eti anakua!

KIBARAZANI
Na Bi Shufaa wa Temeke

Saa nane usiku wa kuamkia Jumanne mjukuu wangu, Bwana Mdogo, alilia kilio ambacho hata mbuzi wa jirani (mnawajua, wale waliokula daftari la kikoba) walinyamaza wakamsikiliza. "Bibi, miguu! Bibi, miguu inauma!" Ana miaka mitano kasoro. Mchana kutwa alikuwa ukutani, mwembeni, juu ya pipa la maji, kila mahali isipokuwa ardhini.

Nikawasha tochi ya simu, nikamuuliza wapi. Akaonyesha muundi. Nikauliza tena, akaonyesha shavu la mguu, mara nyuma ya goti, mara mguu wa pili. Nikamulika. Uvimbe hakuna, mwiba hakuna, homa hana. Nikapaka mafuta ya nazi viganjani, nikamchua kutoka kifundoni kupanda juu, kisha nikamkaza miguu yote miwili kwa kanga kuukuu, kama bibi yangu alivyokuwa akinikaza mimi nilipokuwa kimo hicho. Robo saa haikutimia, anakoroma. Saa kumi na mbili asubuhi namtafuta kitandani, yuko juu ya pipa.

Mambo yangeishia hapo. Kosa langu ni kuyasimulia barazani.

Mji huu ukitafuta fundi bomba unaweza kumngoja mpaka mwezi uandame mara tatu, lakini sema tu mtoto kaumwa miguu usiku, waganga wanamwagika kutoka kila dirisha. Mwenye mbuzi akasema mtoto kakanyaga kitu. Kitu gani? "Kitu," akajibu, kashusha sauti, jicho kwenye nyumba ya pili, kwa mama wa watu ambaye dhambi yake inayojulikana ni kutorudisha sufuria. Mpwa wangu Injinia (bado hajajenga) akasema ni baridi yabisi, kisa mtoto analala chini ya feni. Shoga yangu mmoja akasema minyoo. Minyoo ya miguuni, jamani! Na walipoishiwa wote wakakubaliana kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi: "Aa, huyo anakua tu."

Neno hilo ndilo lililoniinua nikampeleka mtoto zahanati, nikasikie jingine. Foleni tangu saa moja mpaka saa nne. Ndani, dakika moja. Dokta kijana, mpole, wala sitamtaja, hakuinua uso kwenye daftari lake. "Anaumwa usiku tu? Asubuhi hana kitu? Anakua huyo, bibi. Mwingine aingie!" Bwana Mdogo alikwisha kuupandisha mguu mezani aukaguliwe. Ukabaki pale kama muhogo uliokosa mnunuzi.

Sasa nasema, na wale wanaoniandikia kila wiki kwamba nina hasira, ndiyo, ninazo: sitaki tena kulisikia neno "anakua" kwa mtu ambaye hajaushika mguu wa mtoto.

Kukua gani huko? Kichanga katika mwaka wake wa kwanza hurefuka sentimita zipatazo 25. Kama kukua kunauma, tusingelala mji mzima. Huyu wangu wa miaka mitano anaongeza kama sentimita 6 kwa mwaka, ndiye apige kelele? Na mikono je, yenyewe haikui? Mbona haimlizi? Daktari mmoja Mfaransa, Duchamp, aliandika habari za maradhi ya kukua mwaka 1823, na tangu hapo ulimwengu umelibeba jina hilo kama mtu aliyepewa mzigo stendi akaona aibu kuuliza una nini ndani. Zaidi ya miaka 200, wenye vipimo vyao wanakisia tu: wengine uchovu wa misuli, wengine upungufu wa vitamini D, wengine wepesi wa kusikia maumivu. Mimi ninacho changu: ni pipa la maji. Miguu iliyokopwa kutwa inadai usiku. Asiyekubali aje ashinde na Bwana Mdogo Jumamosi moja, Jumapili tuongee, kama ataweza kunyanyuka.

Na yule dokta, kwa taarifa yenu, huenda amepatia. Mtoto wa kati ya miaka mitatu na kumi na miwili, anaumwa miguu yote miwili, nyamani na siyo kwenye viungo, jioni au usiku, na asubuhi anakimbia bila kuchechemea: mara nyingi ni hayo hayo yasiyo na jina zuri, na yataondoka yenyewe. Lakini uyajue vipi kabla hujauliza? Ni mguu mmoja au yote? Kiungo kimevimba? Anachechemea? Ana homa, anakonda, amepauka? Unabonyeza mfupa, unakunja goti, unamwambia tembea mpaka mlangoni urudi. Hata chai haipoi.

Pale kwenye benchi nilikaa na binti mmoja, mama kijana, kampakata mtoto wa kike wa miaka sita aliyekuwa mwepesi kama tenga tupu. Alikuja kumchukulia mtoto dawa za kila mwezi. Mtoto alianza na miguu, akaniambia. Usiku analia, watu wanamwambia anakua. Mara na mikono, mara na mgongo, macho yakawa manjano, bado anakua. Mwaka mzima. Siku alipopatikana mtu wa kumpima damu, ikaonekana ni sikoseli. Nchi hii inakadiriwa kupata watoto 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na ugonjwa huo, ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani, na bado kilio cha mifupa tunakijibu kwa neno moja. Nikamtazama yule mtoto. Mdogo wake, wa miaka minne, alikuwa amesimama pembeni anatafuna karanga. Wamelingana kimo.

Basi nimetoka pale nimefura. Na mtu aliyefura hununua dawa. Duka liko njia panda, muuzaji mama mchangamfu, koti jeupe, kucha nyekundu. Nikamweleza: miguu, usiku, asubuhi hana kitu. Sijamaliza sentensi, kaunta imejaa. Dawa ya kuua bakteria, ya minyoo, chupa ya kalsiamu yenye picha ya twiga, mafuta ya kuchua yanayonuka mpaka ng'ambo ya barabara. Shilingi 18,500. Huyu hata "anakua" hakusema. Kwa 18,500 ningemshukuru angesema.

Nikalipa. Ndiyo, nililipa, msinicheke. Wakati anafunga mfuko akatokea mtoto wake kutoka nyuma ya pazia, kijana wa miaka sita hivi, magoti yote majivu, kashika mpira wa makaratasi. Nikamuuliza mama, kwa kupitisha muda tu, huyu wako naye miguu haimsumbui usiku?

"Huyu?" akacheka. "Kila akicheza mpira sana, bibi! Ananiliza karibu kila wiki."

"Unampa ipi katika hizi?"

"Ah, wangu namkanda tu na kitambaa cha maji moto. Analala."

Nikamrudishia mfuko. Hela, akasema, mashine ikishatoa risiti hairudi.