Herufi Juu ya Sarafu: Je, Ni Ubadhirifu?

Ukitoa sarafu mpya mfukoni hapa kwetu utaona simba, ndovu, kifaru au twiga. Kule Armenia, nchi ndogo ya milima jirani na Uturuki, Benki Kuu imewahi kutoa sarafu za ukumbusho zenye herufi za alfabeti yao. Naam, herufi! Si sarafu za kununulia mkate. Ni za kuwekwa na kuenziwa.

Nilipowaeleza wenzangu bwenini, waliangua kicheko. "Ati pesa za nchi zichezewe kwa herufi?" mmoja akauliza. Mimi nasema huo si mchezo. Chanda chema huvikwa pete.

Hebu tutazame. Herufi hizo zilibuniwa mwaka wa 405 na mtawa Mesrop Mashtots, wakati nchi ilikuwa imegawanywa baina ya Waajemi na Warumi. Zilikuwa 36. Kila moja ilitumika pia kama tarakimu: ya kwanza ni 1, ya mwisho ni 9,000. Basi herufi na hesabu zajuana tangu jadi. Kukutana kwenye sarafu si ajabu.

Tena, mwaka wa 1915, Waarmenia walipokuwa wakiuawa na kufukuzwa katika milki ya Waturuki, yasimuliwa kuwa wanawake wawili walikiokoa kitabu cha mahubiri cha Mush, kilichoandikwa kwa mkono. Kina uzito wa zaidi ya kilo 25! Walikigawa vipande viwili ili wakiweze. Leo kimehifadhiwa Matenadaran, jijini Yerevan.

Hapo ndipo nina neno. Kitabu kile hakikuokolewa na sarafu, kiliokolewa na watu waliojua thamani ya maandishi. Sarafu ni pete tu. Chanda chenyewe ni kusoma na kuandika. Mzazi akiifungia sarafu kabatini, na mwanawe hajui kuisoma ile herufi, kwani amehifadhi nini? Madini tu.

Na sisi wana-Kiswahili je? Twajigamba kuwa twaipenda lugha yetu, lakini ujumbe wa simu twaukatakata hata nyanya nyumbani hawezi kuuelewa. Insha nayo hatuigusi mpaka mwalimu atishe.

Wenzangu, tusingoje tuchongewe sarafu. Kalamu tunazo, na jarida hili lina kurasa. Tuandike! Mwacha mila ni mtumwa.

Mwanachama, Kidato cha Tatu