Bustani Yetu: Ua la Shaba

Mtu asafiriye kutoka Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi hupita katika nchi ya miombo, mti kwa mti, kichuguu kwa kichuguu, na macho huchoka. Mara, mbali na barabara, huona kilima kilicho kama kichwa cha mzee mwenye upara: chini miti, juu majani tu. Asiyejua husema, "Wachoma makala wamefika hata huku." Sivyo. Kilima kile hakikukatwa na mtu. Miti yenyewe imekataa kuota pale, kwa sababu udongo umejaa shaba, au mukuba kama wasemavyo wengi wa kwetu. Wahunzi wa zamani walijua sana jambo hilo. Walipotafuta mawe ya kuyeyusha ili wafanye misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya nchi hii, upara wa kilima ulikuwa mojawapo ya ishara zao.

Lakini kilima hicho si kitupu. Ukikipanda mwezi wa Aprili, mvua zinapokaribia kwisha, utakuta maua ambayo huyaoni katika ua wa nyumba yoyote mjini. Ndiyo habari yetu ya juma hili.

Wapenda maua duniani wana tabia moja: wakipenda mmea mmoja, hawatosheki mpaka wamekusanya ndugu zake wote. Huko Marekani na Ulaya kuna mmea mdogo wa majani uitwao Heuchera. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na jina lake latokana na mganga mmoja Mjerumani, Heucher, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Wittenberg. Maua yake ni kengele ndogo nyekundu, lakini wakusanyaji huupenda hasa kwa majani: ya zambarau, ya rangi ya fedha, ya rangi ya asali, hata meusi. Siku hizi aina zilizotengenezwa na wakulima wa maua ni mamia, na mwenye arobaini humwonea wivu mwenye sitini. Siwacheki. Ugonjwa huo naufahamu, na dawa yake sijaitafuta.

Ninalotaka kuuliza ni hili: sisi tunakusanya nini? Tazama bustani za Lubumbashi. Mijakaranda inayotupendezesha mwezi wa Septemba na Oktoba ilitoka Amerika ya Kusini. Bugenvilia pia. Waridi limeletwa. Yote ni mazuri, na wageni wema wakaribishwe. Hata hivyo mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, tanuru yake kubwa ikawashwa mwaka 1911, na mpaka leo shaba ndiyo inayowafanya watu wa mbali walijue jina letu. Je, si ajabu kwamba katika mji uliozaliwa na shaba, ua la shaba halimo bustanini?

Ua liitwalo hasa hivyo ni lile la mmea ambao kwa Kilatini wauita Haumaniastrum katangense. Ni wa jamaa ya rehani na kivumbasi. Ukishika shina lake utasikia pembe nne chini ya vidole. Huota kwa mvua, huchanua mvua zinapokwisha, vichwa vyake vya zambarau vikisimama juu ya vijiti vyembamba, kisha hukauka na kufa katika mwaka uleule. Hupenda udongo uliochimbuliwa: kando ya machimbo, juu ya mawe yaliyotupwa, penye barabara iliyojazwa takataka za mgodi. Tena umewasaidia hata wachimbuaji wa mambo ya kale. Mahali palipokuwa na tanuru za wahunzi, shaba iliyomwagika ilibaki ardhini. Ua likaota juu yake. Na wataalamu, kwa kulifuata ua, wakazikuta tanuru zenyewe. Hivyo mmea mdogo umetunza kumbukumbu ya kazi ya babu zetu.

Ndugu zake ni wengi. Safu ya vilima vya shaba yatoka Kolwezi mpaka karibu na Lubumbashi, mwendo wa kilometa 300 hivi, na vilima vyenyewe vyapita mia moja. Mimea iliyopatikana juu yake ni zaidi ya aina 500. Mingi huota penginepo pia, lakini wataalamu waliochapisha hesabu yao mwaka 2010 walikuta aina 32 zisizoota mahali pengine popote duniani ila juu ya udongo wa shaba wa Katanga. Aliyetangulia kuichunguza mimea hii kwa utaratibu alikuwa Paul Duvigneaud wa chuo kikuu cha Brussels, aliyeandika juu yake mwaka 1958, na tena mwaka 1963 pamoja na Bibi Denaeyer-De Smet. Baada yake François Malaisse alifanya kazi miaka mingi hapa Lubumbashi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakaendelea.

Mwenye moyo wa kukusanya atayapenda majina tu. Kuna Crotalaria cobalticola, yenye maua ya manjano, ambayo jina lake lasema kwamba yakaa penye kobalti. Ni ndugu ya marejea, ule mmea ambao Wabenediktini wa Peramiho kule Tanzania waliwafundisha wakulima kuupanda ili kurutubisha mashamba. Kuna Commelina zigzag, na anayeona shina lake hataki kuelezwa kwa nini imeitwa hivyo. Kuna Acalypha cupricola, yaani mkaa penye shaba. Tena kuna gladiola za mwituni, zilizo na tunguu chini ya ardhi kama zile za madukani lakini zenye umbo jembamba na la heshima zaidi, kwa maoni yangu. Mojawapo yaitwa Gladiolus tshombeanus. Wazee watakaolisoma jina hilo watatabasamu au watakunja uso, kila mtu kwa kadiri alivyoiona miaka ya 1960. Ua lenyewe halina chama.

Sasa twaja kwenye jambo zito. Karibu na mji wetu, kule Kalukuluku, upo mgodi uitwao Étoile, ambao Union Minière ilianza kuuchimba mwaka 1911, wa kwanza katika migodi yake yote. Hapo huota mmea mdogo sana uitwao Crepidorhopalon perennis. Neno hili la mwisho wanafunzi wa Kilatini watalitambua: lenye kudumu miaka. Basi mmea huu wenye jina la kudumu ulijulikana katika mahali pamoja tu duniani, ndipo hapo Étoile, na katika miaka ya 2000 machimbo yakaanza tena kufanyiwa kazi kwa mashini kubwa. Wataalamu wameuweka katika hesabu ya mimea iliyo karibu kabisa na kutoweka. Mimea mingine ya vilima vya shaba imo katika hatari iyo hiyo, na aina chache zahesabiwa kuwa zimekwisha kutoweka. Kwa nini? Kwa sababu kilima chenye maua ndicho chenye madini. Mwituni mtu aweza kuvuna asali na kuuacha mti. Lakini shaba haichimbwi pasipo kukiondoa kilima.

Wengine watasema: "Je, watu wale maua? Mgodi hulipa karo za watoto wetu." Ni kweli kwamba mgodi hulipa, nami sitaki msomaji mwenye kazi mgodini aone kwamba namshtaki. Lakini mkulima mwenye akili hasagi mbegu zake zote kuwa unga. Kule Tenke na Fungurume mgodi wenyewe ulifanya kazi pamoja na wataalamu wa Lubumbashi na wa Gembloux, Ubelgiji, ili kuhamisha mimea na kukusanya mbegu kabla vilima havijachimbwa. Mbegu nyingine zimehifadhiwa katika bustani kubwa ya mimea ya Meise, karibu na Brussels. Ni vizuri, lakini yasikitisha kidogo kwamba mbegu zetu zina chumba cha baridi Ulaya, na hapa mjini hazina hata mkebe.

Basi, je, zaweza kuota nyumbani? Hapa pana fumbo linalonifurahisha. Mtu angedhani kwamba mmea upendao shaba hufa ukikosa shaba. Mimea mingine kweli hukua vizuri zaidi ikipewa shaba nyingi. Ndivyo wataalamu walivyoona walipolijaribu ua la shaba. Lakini hata katika udongo wa kawaida mbegu zake huchipuka. Adui yake ni kuvu. Wanaolima kahawa au mizabibu wanaujua mrututu, ule unga wa buluu unaopigwa juu ya majani ili kuua ukungu. Mrututu ni shaba. Juu ya kilima, udongo wenyewe ndio mrututu, na mche mchanga hukua bila kuguswa na ukungu. Uondoe huko, uutie katika udongo mweusi wenye mbolea na maji mengi, nao huoza shingoni kabla ya kutoa jani la nne. Adui wa pili ni majirani. Mimea ya kilimani haikuzoea kushindana. Magugu ya kawaida huifunika mara moja.

Kwa hiyo atakayejaribu asiipende mno. Atwae mkebe uliotobolewa chini, atie kokoto, kisha mchanga uliochanganywa na udongo mwekundu wa kichuguu, sehemu mbili za mchanga kwa moja ya udongo. Mbolea asitie. Mbegu ni ndogo kama vumbi. Asizifukie, azinyunyize juu tu, mvua za kwanza za Novemba zinapokuja, na mkebe ukae juani mahali penye upepo. Maji yakituama ndani, kazi imekwisha. Magugu ang'oe kila siku kwa vidole.

Wala asiende kilimani na jembe. Hapo wakusanyaji wengi wa duniani wamekosea: kwa kupenda kitu kilicho adimu, wakakifanya kiwe adimu zaidi. Ua la shaba hufa kila mwaka, na huzaa mbegu nyingi, na hupatikana mahali pengi. Kuchukua kichwa kimoja kilichokauka katika ishirini hakuliumizi. Lakini gladiola aking'olewa tunguu amekwisha, na mmea wa kudumu wenye mizizi minene ya miaka mingi, kama lile Ocimum ambalo wachimbaji wa Zambia pia walilifuata kutafuta shaba, hausafirishwi. Huo tuutazame pale ulipo. Wanafunzi wenye kalamu waandike mahali, tarehe na rangi, na wauchore. Mkusanyo wa daftari ni mkusanyo pia, nao haufi kwa kuvu. Tena ardhi ya mgodi ina mwenyewe: asiingie mtu bila ruhusa, na watoto wasikaribie mashimo.

Neno moja kwa akina mama, nalo naliweka hapa kwa makusudi, maana ni kubwa kuliko maua. Asilete mtu nyumbani udongo wa mgodi au mawe ya kijani kibichi kwa kudhani kwamba atalifurahisha ua. Udongo wa kawaida huwa na shaba miligramu chache katika kilo; ule wa kilimani waweza kupita miligramu 10,000, na pamoja na shaba hiyo kuna kobalti na hata risasi. Mwaka 2009 Daktari Célestin Banza wa Lubumbashi na wenzake walichapisha walichokiona walipopima mikojo ya watu wa Katanga: waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, na watoto zaidi ya wakubwa, kwa sababu watoto hucheza mavumbini na kutia vidole kinywani. Bustani ya lengalenga iliyo karibu na kiwanda inatosha kututia wasiwasi, tusiongeze wenyewe. Na mboga hizo zioshwe sana. Wataalamu wa mimea wenyewe walipata kudanganywa na vumbi: zamani walisema kwamba majani ya mimea fulani hujaa shaba kupita kiasi, mpaka ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya shaba hiyo ilikuwa nje ya jani, haikuoshwa.

Mimea ya shaba yaweza pia kuwa watumishi. Katika mtaa wa Penga Penga, mahali ambapo kwa miaka mingi moshi wa tanuru ulianguka mpaka ardhi ikabaki tupu, wanachuo wa Lubumbashi walijaribu kupanda nyasi za vilima vya shaba, hasa Microchloa altera, baada ya kutia chokaa na mboji. Nyasi hazikuiondoa shaba ardhini. Zilishika, zikaufunika udongo, na udongo uliofunikwa haupeperuki kuingia vifuani mwa watoto. Ni nyasi fupi, hazina ua la kupendeza, wala mkusanyaji hatazigombania. Mimi ningezipa mkebe wa kwanza.

Mwenye kuotesha ua la shaba mwaka huu na aandike tarehe ya kupanda, idadi ya mbegu, na siku ambayo mche wa kwanza uliinua kichwa, kisha atuletee karatasi yake. Vichwa vilivyokauka hupatikana kuanzia Juni. Vitiwe katika bahasha ya karatasi, si ya plastiki, na kuwekwa mahali pakavu mpaka Novemba.