Boti za faiba: mnunuzi akague maungio

Bei ya boti ya faiba hutajwa kwa futi, na wanunuzi huridhika. Ni kosa. Ganda na sitaha hutoka kila kimoja katika kalibu yake, kisha huunganishwa, na mara nyingi hapo ndipo maji hupenya. Resini ya poliesta ikishakauka, tabaka jipya halichanganyiki nayo. Hushika juu juu tu. Sharti pakwanguliwe kwa msasa mkali, vumbi lifutwe, ndipo mkeka wa nyuzi za kioo ulazwe kwa ndani, tabaka juu ya tabaka. Kazi hiyo hula muda, na rangi huificha. Fundi mwenye bei ya chini mno huenda amebania hapo, na anayeumia ni mvuvi aliyekopa. Malipo ya mwisho yangoje maungio yakaguliwe, kabla ya rangi.