AFYA NYUMBANI: Tabibu Asiyetoa Dawa

Mchungaji wa Namoruputh akivunjika mguu, matibabu yake hayaishi siku ile plasta inapokatwa. Mguu uliofungwa kwa majuma mengi hutoka mwembamba, na goti hukataa kukunjika. Hapo ndipo bwana mganga humpeleka kwa tabibu wa viungo, na hapo ndipo wengi hukosea. Mtu hulipa nauli hadi Lodwar akitazamia sindano au vidonge; badala yake hufunzwa kuinua mguu, naye hurudi kwake akinung'unika kwamba ametupa fedha bure. Alichofunzwa hakifanyi. Miezi ikipita, goti hukauka, na aliyezoea kufuata ngamia hubaki kivulini.

Basi yafaa kujua mapema yatakayomkuta mgonjwa. Kwanza, ataulizwa maswali mengi: aliumia lini, maumivu huzidi wakati gani, na kazi yake ni ipi. Asione haya kujibu kwa urefu. Anayekalia ekicholong, kile kigoda kifupi cha Kiturkana, na aseme hivyo, kwa maana kuinuka kutoka chini hutaka goti lenye nguvu kuliko kuinuka kitini. Achukue cheti cha hospitali na picha ya eksrei, tena avae nguo inayopandishwa kwa urahisi. Mwanamke aweza kuomba mwenziwe awepo chumbani.

Pili, tabibu atapima jinsi kiungo kinavyokunjika, atausukuma mguu apate kujua nguvu zake, ataulinganisha na ule mzima, kisha atamwambia mgonjwa atembee. Kazi hii si ya kubahatisha. Tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria inayowasimamia matabibu hao.

Tatu, dawa ni mazoezi yenyewe, nayo yana kipimo kama vidonge: mara ngapi kwa siku, na kwa majuma mangapi. Kuchoka na kuuma kidogo ni kawaida. Maumivu makali, au yanayodumu hadi kesho yake, yapasa kuelezwa kwa tabibu. Lakini shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana, mgonjwa asingoje siku aliyopangiwa. Apelekwe hospitali upesi.

Atokaye mbali na aseme mapema kwamba nauli ni shida, ili apangiwe kazi ya nyumbani. Mfuko mdogo wa mchanga, ukifungwa kifundoni kwa uzito atakaoagiza tabibu, huimarisha paja, na mchanga wa Turkana haununuliwi. Kabla ya kuondoka, ayafanye mazoezi yote mbele ya tabibu, na kijana ajuaye kusoma ayaandike.

Tabibu huonyesha njia tu. Mguu huponywa na mwenyewe, asubuhi na jioni, hata siku asiyoona faida yoyote.